Msalaba Usiokuwa na Namba

Alganesh alikuwa mtu wa kuhesabu mikwaruzo. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya pale makumbusho, Addis Ababa, miaka ishirini na miwili. Kitu kikiazimwa kuja kuonyeshwa, au kikitoka kwenda kuonyeshwa kwingine, yeye ndiye huketi nacho mezani kwa glavu nyeupe, akaandika kila ufa, kila tundu la mchwa, kila alama ya msumari. Kisha hukitia sandukuni, hukisindikiza njia nzima, na siku ya kurudi hukifungua akahesabu upya. Mtu akikaa na kazi ya namna hiyo humwingia damuni. Majirani zake wa mtaa wa Gulele waliacha kuazima ungo kwake, kwa sababu ukiurudisha anaugeuza juani na kukuambia, "Huu ukili wa tatu haukuwa umelegea, dada." Mumewe, mwalimu wa hesabu, alikaguliwa vifungo vya koti kila jioni kabla hajapewa chai. Na wapo wanaoapa kwamba siku ya harusi Alganesh aliorodhesha makovu yote ya bwana harusi, akamtaka atie saini.

Basi mwanamke huyu, anayeogopa kuazima hata sindano, siku moja alijitia mwenyewe dhamana.

Makumbusho walitaka kuonyesha misalaba ya maandamano ya kanisani, ile ibebwayo juu ya mti siku za sikukuu, kutoka nyanda za juu, na mzuri kuliko yote ulikuwa wa kanisa la Mikaeli wa Wofamba. Ulikuwa wa shaba, mpana kama kifua cha mtu mzima, umetobolewa tobolewa kama utando wa buibui. Wofamba iko juu ya mlima ambao nyumbu wenyewe huupanda wakitubu. Alganesh akaupanda, na hati ya kuazima mkobani. Wazee wa kanisa wakaipokea hati, ikapita mkono kwa mkono, ikarudi kwake.

"Ina mihuri saba," Alganesh akasema.

"Tumeiona," akajibu Aba Kinfe, padri mkuu wa pale, mzee mwembamba kama mpini wa jembe. "Ina miguu?"

"Haina, Aba."

"Na shingo?"

"Karatasi itakuwaje na shingo?"

"Sasa ikitudanganya tutaikaba wapi? Sisi tunataka mdhamini mwenye shingo."

Alganesh akaitoa yake. Akaapa kwa Mikaeli kwamba msalaba utakuwa umerudi kabla ya sikukuu yake, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Hidar. Wazee wakaongeza sharti moja: usiandikwe namba. Walikuwa na kitabu chao cha ngozi, kilihesabiwa na watu wa mjini zamani, kikaandikwa namba, na namba ile ikashuka mlima na kitabu chake, havikuonekana tena. Kwa watu wa Wofamba kitu kikishapewa namba kimekwisha kuwa cha serikali. Alganesh akakubali hilo pia. Aliporudi ofisini hakuugusa msalaba kwa kalamu. Alitundika kikaratasi juu ya sanduku tu, kimeandikwa neno moja: Azima.

Maonyesho yakaja, watu wakapiga picha, yakaisha. Sanduku likaingizwa stoo kungoja gari.

Stoo ya pale ina mwenyewe. Kila kilichomo kimeandikwa kwa jina la mtunza stoo, na siku akiondoka lazima akabidhi kimoja kimoja mbele ya kamati. Bila hivyo hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kugusa hata kijiko. Mtunza stoo aliitwa Beyene, mtu mpole mwenye kikohozi. Miaka tisa alikuwa akicheza bahati nasibu ya kwenda Marekani bila kumwambia mtu, na mwaka wa kumi akaipata. Jumanne alionekana stoo akimenya chungwa. Alhamisi alikuwa angani. Hakuaga, hakukabidhi, na chupa yake ya chai aliiacha na chai ndani.

Mlango ukapigwa lakiri. Nta nyekundu, kamba, na muhuri juu yake. Ndani yake vitu elfu nne, mia tatu na kumi na viwili, na sanduku la Wofamba.

Alganesh akaenda kwa mkuu wa utawala, Ato Negusie, Ato kwao ni Bwana, mtu aliyependa kanuni kama nyegere anavyopenda asali.

"Kamati itahesabu," alisema Negusie.

"Lini?"

"Ikiundwa."

"Itaundwa lini?"

"Barua ya kuiunda inachapwa."

"Nimetoka kwa mchapaji sasa hivi. Kiti kitupu."

"Yuko msibani Debre Birhan. Amefiwa na mke wa mjomba."

"Wa mjomba yupi? Mwezi uliopita alizika mke wa mjomba."

"Huyu ni wa pili," Negusie akasema, akainamia mafaili yake.

Akapanda ngazi zile, akashuka, akapanda, mpaka ngazi zikamzoea zikawa zinalia kabla hajazikanyaga. Alibisha kwa mwanasheria, mwanasheria akamrudisha kwa Negusie. Akaenda kwa mkurugenzi, akaambiwa yuko mkutanoni, na mkutano ule ulikuwa wa kupanga mikutano. Usiku alikuwa akihesabu tarehe kwa vidole, na vidole vilikuwa vinapungua.

Tarehe tatu Hidar alipofika kazini alimkuta Aba Kinfe ameketi kwenye ngazi za mbele, mwavuli magotini, vumbi la njia ya siku mbili limemjaa ndevuni.

"Umeamkaje, mwanangu," akasema bila kuinuka. "Nyumbani wazima?"

"Wazima, Aba. Mungu ashukuriwe."

"Ng'ombe wazima?"

"Sina ng'ombe, Aba."

"Msalaba mzima?"

"Mzima," akajibu Alganesh. "Ila umefungiwa."

Mzee akasikiliza habari yote ya Beyene, lakiri na kamati. Akaitikia kila neno, kama mtu anayesikiliza maungamo. Alipomaliza kusikiliza akashika ncha ya mtandio mweupe wa Alganesh, akashika na ncha ya shuka lake zito la pamba, akafunga fundo. Akalivuta kwa meno.

Alganesh alilijua fundo lile kwa kusimuliwa na bibi yake. Zamani mdai na mdaiwa walifungwa hivyo, nguo kwa nguo, wakaenda pamoja kila mahali mpaka haki ipatikane, na mdaiwa akijifungua ndiye mwongo. Mjini hakuna aliyefanya hivyo tena. Angeweza kuvua mtandio akamwachia mzee mkononi. Lakini aliapa kwa Mikaeli, na aliyeapa kwa Mikaeli hatoki kwenye nguo yake kama nyoka anavyotoka kwenye gamba.

Wakaingia ofisini wamefungwa. Bibi Tiringo, karani wa mali, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na mlango, akawaona kwenye ukumbi.

"Mama Alganesh, hongera. Harusi lini?"

"Mahari bado imefungiwa stoo," akajibu Aba Kinfe. "Wewe ndiye shangazi wa bwana harusi? Ifungue, tule."

Siku ile walikwenda pamoja kwa mchapaji aliyerudi msibani, wakasimama juu ya kichwa chake mpaka barua ikatoka. Kila Alganesh alipokata kona kwa haraka, mzee alivutwa kama mbuzi wa sokoni, na kila mzee aliposimama kumbariki mtu, Alganesh alirudishwa nyuma kwa shingo. Na mjini pale watu wanaotaka baraka hawaishi. Jioni Aba Kinfe alifungua ncha yake, akaifunga kwenye nguzo ya geti la nyumba ya Alganesh, akaenda kulala kwenye ua wa kanisa la jirani.

"Mwalimu," jirani akamwita mumewe kutoka ng'ambo ya ukuta, "nasikia mkeo kaazimwa."

"Ndiyo, na mimi hata karatasi sikupewa," mumewe akajibu.

Alganesh hakucheka. Alikaa kwenye kigoda kando ya geti, mtandio umemshika, akala injera yake hapohapo kwa mkono mmoja.

Tarehe sita lakiri ikakatwa. Kamati ilikuwa na watu watatu: Negusie mwenyekiti, Tiringo mwenye daftari, na mkuu wa walinzi aliyewekwa ili wawe watatu. Wengine wote marufuku kuvuka kizingiti. Alganesh na padri wake wakasimama mlangoni. Sanduku lilionekana pale pale, rafu ya chini, hatua nane kutoka alipo. Angeweza kusoma hata kile kikaratasi.

"Lile pale, Ato Negusie. Nipeni lile moja, mengine mhesabu mpaka Pasaka."

"Namba ngapi?"

"Halina namba. Ni la kuazima."

Tiringo akalamba kidole, akafunua daftari, akafunua, akafunua. Kwa jinsi alivyofunua mtu angeweza kuweka dengu jikoni zikaiva. "Halimo," akasema.

"Najua halimo. Si letu."

"Kama halimo humu basi halikuingia," akasema Negusie. "Na kisichoingia nitakitoaje? Hati ya kutoka inadai namba ya kuingia. Mstari wa kwanza kabisa, Alganesh. Hati hiyo umeitunga wewe."

Na kweli aliitunga yeye, mwaka wake wa tatu kazini, na alisifiwa kwa ajili yake.

Siku ile walihesabu vitu kumi na viwili, wakaenda kunywa kahawa. Siku ya pili wakahesabu tisa, kwa sababu kulikuwa na ngao moja ambayo Tiringo aliiona ni mfuniko. Alganesh akapiga hesabu ukutani kwa kucha: kwa mwendo ule msalaba ungefikiwa baada ya mwaka mmoja na zaidi, na hata ukifikiwa ungerukwa.

Siku ya tatu, tarehe nane, Negusie alimwita pembeni. Pembeni kwa Alganesh maana yake ni pamoja na Aba Kinfe.

"Mimi si mtu mbaya," alisema Negusie. "Nataka nikusaidie. Andika namba. Elfu nne, mia tatu na kumi na tatu. Tone la wino chini ya mpini, nani ataona? Uingize daftarini leo, kesho nakupa hati ya kutoka, gari, dereva, na mafuta. Msalaba unafika, sikukuu inapita, kila mtu anapiga vigelegele."

"Na mwaka ujao?"

"Mwaka ujao kitu gani?"

"Mkaguzi akipita. Atauliza mali namba elfu nne, mia tatu na kumi na tatu iko wapi, na nani kaitoa nje ya ghala."

"Mwaka ujao una watu wake," akasema Negusie, akamsukumia daftari na kalamu.

Alganesh akakaa. Hakuwa mtu wa kudanganya, ila alikuwa amechoka. Siku mbili za njia, na zimebaki siku nne. Alijua mahali pa kuandika ambapo hata yeye mwenyewe angehitaji kioo cha kukuzia kupaona. Wale wa Wofamba hawasomi tarakimu za serikali. Akaichukua kalamu. Mkono ulipoinuka, fundo likavutika.

"Unaandika nini, mwanangu?" akauliza Aba Kinfe.

Angeweza kusema ni tarehe. "Namba, Aba," akasema.

Mzee hakumkaripia. Aliinamisha kichwa akaanza kulifungua lile fundo, polepole, kwa kucha zake ndefu. Lilikuwa limekaza, likamchukua muda.

"Unafanya nini sasa?" Alganesh akamwuliza.

"Nakufungua. Mdhamini hufungwa akiwa bado ana kitu cha kurudisha. Wewe andika tu. Mimi nitapanda nikawaambie msalaba umefariki, tuweke matanga."

Alganesh akaitazama ile ncha ya mtandio wake inavyolegea. Siku tano alikuwa akiomba afunguliwe, na sasa alipofunguliwa, moyo ukamshuka mpaka kwenye kandambili. Akaiweka kalamu chini. Akashika ncha zote mbili, akalifunga fundo mwenyewe, akalivuta kwa meno yake.

"Kichwa kigumu kama jiwe la kusagia," akasema Negusie, akachukua daftari lake akaondoka.

Kesho yake asubuhi, tarehe tisa, Tiringo alijikwaa. Alijikwaa kwenye kigoda cha Beyene, akaangukia jiko la umeme la Beyene, akamwagikiwa na ile chai ya Beyene ambayo kwa wakati ule ilikuwa imeota ndevu.

"Mimi siwezi kuhesabu humu," akasema akiwa bado chini. "Stoo ya taifa au genge la kahawa? Kigoda kina namba? Jiko lina namba? Yule mtu kaacha hata kandambili. Kwanza kitoke kila kisicho na namba, ndipo nihesabu. Ama sivyo nami nakwenda Marekani."

Negusie akaangalia kanuni. Kanuni ilimpa haki Tiringo: makabidhiano ni ya vitu vya daftarini, na visivyo vya daftarini viondolewe kwanza kama takataka. Mkuu wa walinzi akafurahi kupata kazi. Kikatoka kigoda, likatoka jiko, zikatoka kandambili, ufagio uliokatika, gunia la magazeti.

Alganesh akasogea mpaka ukingoni mwa kizingiti. "Na lile sanduku, Ato Negusie?"

"Lipi?"

"La rafu ya chini. Halina namba."

Negusie alilitazama sanduku, akamtazama Alganesh, akalitazama sanduku tena. Mtu anayependa kanuni ana dhiki yake: siku kanuni ikigeuka kumtazama, haruhusiwi kufumba jicho.

"Litaandikwa kwenye orodha ya takataka," akasema mwishoni.

"Niandikieni: sanduku moja, kitu cha kuazima."

"Cha kuazima kinahitaji hati ya kutoka. Takataka haihitaji. Chagua."

Miaka ishirini na miwili. Ameandika vikombe vya wafalme, ngao, taji na vitabu vya ngozi, na hakuna hata kimoja alichokiandika kwa jina lisilo lake. Akaisoma ile orodha kwa sauti ili Aba Kinfe asikie, kwa kuwa hakutaka kumficha: "Kigoda kimoja. Jiko bovu moja. Kandambili, jozi. Ufagio uliokatika mmoja. Gunia la magazeti moja. Sanduku moja." Na juu ya vyote, kwa herufi kubwa: Takataka.

Aba Kinfe akakuna ndevu. "Uliza kama na mimi naweza kuandikwa hapo chini," akasema. "Nami sina namba."

Tiringo akacheka mpaka akashika rafu. Alganesh alitia saini kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi.

Getini mlinzi aliipokea orodha akahesabu kwa kidole. "Kigoda, jiko, kandambili, ufagio, gunia, sanduku." Akamtazama mzee. "Na huyu padri?"

"Amefungwa kwangu," akasema Alganesh.

"Simwoni kwenye orodha," akasema mlinzi, lakini akafungua geti.

Gari la makumbusho hakupewa. Gari hutoka kwa hati ya kutoka, na takataka ina toroli yake. Wakapata lori la chumvi lililokuwa linakwenda kule. Alganesh akamtaka dereva aonyeshe kamba za kufungia mzigo, akazikataa tatu, akamwambia asizidishe mwendo penye mawe. Dereva akamwuliza kama amebeba mayai. Siku mbili alikaa juu ya magunia ameliegemea lile sanduku kwa mgongo, akipokea kila shimo la barabara yeye kwanza ili lisilifikie. Sehemu ya mwisho walipanda kwa nyumbu, na nyumbu, kama kawaida yao, walitubu.

Wakafika asubuhi ya tarehe kumi na mbili yenyewe. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa nguo nyeupe. Ngoma kubwa zilikuwa tayari zimetundikwa shingoni mwa mashemasi, na ule mti wa kubebea msalaba umesimama mtupu, watu wanautazama.

Alganesh akaliweka sanduku kivulini. "Lipumzike mpaka kesho," akasema. "Ndiyo taratibu. Kitu kikitoka safarini hakifunguliwi siku hiyohiyo. Lazima kizoee hewa."

Mwanamke mmoja akasema, "Limelala huko miezi mitatu. Linapumzika nini zaidi?"

"Ni hewa yake hii, mama," akasema mwingine. "Msalaba ulizaliwa nayo."

Alganesh akatoa mkobani karatasi yake ya ukaguzi. Akakubali kufungua, lakini kwa sharti: aukague kwanza, mbele ya mashahidi, mstari kwa mstari, kama ulivyoandikwa siku ya kuchukuliwa. Mistari thelathini na mmoja. Akavaa glavu. Akapiga magoti. Mfuniko ulipoinuka wanawake wakapiga vigelegele mpaka kunguru wakahama mti.

"Mstari wa kwanza," Alganesh akasoma. "Mkwaruzo, mkono wa kulia, urefu wa punje ya shayiri. Upo. Mstari wa pili. Tundu lililozibwa kwa risasi. Lipo."

"Ngoma zinapoa ngozi," shemasi mmoja akanong'ona.

"Mstari wa tatu."

Aba Kinfe alivumilia mpaka wa tisa. Kisha akainama, akafungua fundo kwa mkupuo mmoja, mtandio ukamwangukia Alganesh begani. "Umerudisha," akasema. "Shingo ni yako." Akauinua msalaba kutoka sandukuni kwa mikono yake mitupu, akaubusu.

"Aba, tafadhali, bado ishirini na miwili. Na saini yako—"

Hakusikika. Watu walimpita kulia na kushoto, walimpita juu. Midomo ya wazee, midomo ya watoto waliobebwa, midomo yenye siagi ya sikukuu, yote ikaufuata msalaba. Alganesh alibaki amepiga magoti na karatasi yake, akitazama alama zikiongezeka kwa kasi ambayo hata kalamu kumi zisingeiandika. Msalaba ukapandishwa kwenye mti. Ngoma zikaanza. Kuna mtu akamshika kwapani akamwinua ili asikanyagwe, mwingine akamtia mkononi kibuyu cha pombe, na glavu yake nyeupe ikalowa.

Aliporudi Addis, Negusie alimdai hati ya kurudisha. Alganesh akampa ile karatasi: mistari tisa imejazwa, ishirini na miwili mitupu, na chini, palipoandikwa Hali ya kitu kilipopokelewa, ameandika mwenyewe, *Sikuwahi kumaliza kukagua. Walikuwa na hamu nao.*

Negusie akaisoma mara mbili. "Hii haifungi faili," akasema.

"Najua."

"Haina saini ya aliyepokea."

"Najua, Ato Negusie. Hati hiyo nimeitunga mimi."

Akamrudishia. Alganesh akaitia kwenye droo, akavaa glavu nyingine, akavuta karibu kikombe cha pembe kilichokuwa kinamngoja mezani, akaanza kutafuta nyufa.